Kengele Tatu za Namakono

Maiti ya Muhidini ilikutwa kwenye kona ya pili ya mteremko wa Namakono, Jumanne ya tarehe 12 Julai 1994, saa moja kasorobo asubuhi, na aliyeikuta ndiye aliyekamatwa. Hili hutokea mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Mtu akiwahi kupiga kelele huwahi pia kuulizwa, na akijibu ovyo harudi nyumbani.

Aliyekamatwa alikuwa Kudra, shemeji wa marehemu, mwanamume wa miaka ishirini na sita. Mgambo wa kijiji walimkuta amempakata Muhidini, shati limelowa damu, analia kwa kwikwi. Walimfunga mikono kwa mpira uleule wa kufungia magunia. Sababu walikuwa nayo. Siku ya Jumapili, mbele ya watu wote kwenye kambi ya wapakizi wa ufuta kule juu, Kudra alikuwa amemkaba shemeji yake shati akisema, "Utakufa weye na hilo lori lako!"

Sajini Mahamudu Ngulangwa alifika saa sita mchana kwa baiskeli, maana gari la kituo lilikuwa limepandishwa juu ya mawe tangu mwaka juzi na sasa kuku walikuwa wanataga ndani yake. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, miaka hamsini na tatu, na alikuwa na tabia iliyowaudhi wakubwa zake: hakuwa na haraka. Kabla hajaiangalia maiti alikaa chini kwenye jiwe, akawaomba mgambo wamweleze mlima unavyoshukwa. Mgambo walitazamana. Nani asiyejua Namakono inavyoshukwa?

Lakini mgeni hajui, basi na tueleze. Ukitoka kwenye mashamba ya ufuta ya vilima vya upande wa Ngarambe, kuelekea kwenye pantoni ya kuvukia Ikwiriri, njia fupi ni kushuka Namakono. Tangu serikali iruhusu wanunuzi binafsi, ufuta ulikuwa umepata wenyewe, na kwa kuwa magari hayapandi huko, wapakizi thelathini na mmoja walikuwa wanaushusha kwa baiskeli, magunia mawili kwenye keria, kilo mia na ishirini. Breki ya baiskeli haiwezi mzigo huo. Kwa hiyo kila mpakizi akifika juu hukata tawi lenye majani mengi, akalifunga nyuma ya keria kwa mpira, likawa linaburuzwa na kumshika. Akifika chini hulifungua na kulitupa kwenye rundo.

Njia yenyewe ni nyembamba na ina kona mbili, aliye juu hamwoni aliye chini. Kwa hiyo hushuka mmoja mmoja. Wa pili husubiri kileleni mpaka asikie kengele ya baiskeli kutoka chini, mara tatu. Maana yake: nimefika, njia nyeupe, mwenzangu shuka. Sheria hii haikuandikwa popote, na kwa miaka kumi na mbili hakuna aliyeivunja.

"Nani aliyeianzisha?" Sajini aliuliza.

"Bwana Shaabani," mgambo mmoja alijibu. "Njia yote hii ni yake yeye. Aliianza zama zile za uhaba, tairi hazipatikani, watu wanashindilia nyasi ndani ya mpira. Yule pale."

Bwana Shaabani alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yake, kofia mkononi. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, kiongozi wa wapakizi wote. Alikuwa pia mjomba wa Kudra na wa dada yake Johari, mke wa marehemu. Wazazi wao walikufa kwa kipindupindu, na yeye ndiye aliyewalea wote wawili. Sajini alimpa pole, kisha akaenda kwenye kona.

Muhidini alikuwa amelala kwenye mawe chini ya njia, shingo imevunjika. Baiskeli yake ilikuwa hatua nne juu yake. Tawi lilikuwa bado limefungwa nyuma ya keria, mpira haujakatika. Breki zilikuwa salama. Kengele ilikuwa nzima kwenye usukani. Lakini rimu ya mbele ilikuwa imebonyea kwa ndani, na katikati ya spoku Sajini alichomoa kipande cha gome la mti, kirefu kama kidole. Alipiga magoti. Kwenye udongo mwekundu wa njia kulikuwa na mfereji mwembamba uliokata njia kutoka ukingo hadi ukingo. Aliteremka kichakani, na baada ya robo saa akatoka akiburuta gogo lenye unene wa paja, lina alama nyeusi ya tairi na jeraha bichi palipobanduka gome.

"Mtu alililaza gogo hili njiani," alisema. "Kisha akaliondoa."

"Ndiyo huyo Kudra, Afande," mgambo walisema kwa pamoja.

Baiskeli ya Kudra ilikuwa imelazwa juu kidogo ya kona, mzigo wake ubavuni, tawi lake nyuma. Sajini aliliangalia tawi hilo, akaandika kwenye daftari lake la shule. Halafu akamgeukia Bwana Shaabani.

"Nawe ulikuwa wapi, Bwana Shaabani?"

"Miye? Nilitoka kambini saa kumi alfajiri, nikapita njia ya mbugani."

"Ile ya kuzunguka?"

"Ndiyo hiyo. Goti linanisumbua, Afande, mlima siuwezi siku hizi. Nimetokea kwa Bi Maryam muuza uji, kule chini, saa moja na nusu, nakuta kilio." Alifuta jasho kwa kofia. "Mkwe wangu wa pekee yule. Kifo kibaya hiki."

Sajini aliitazama baiskeli yake. Ilikuwa ya zamani, imetunzwa, matairi na madigadi ya kukinga tope yamejaa vumbi jekundu. Kifuniko cha kengele kilikuwa na ufa, kimefungwa kwa waya wa shaba. Aliandika.

Wapakizi wengine sita waliolala kambini walijieleza upesi: saa ile walikuwa wanafunga magunia, wanaonana wote. Kwa njia hiyo, juu ya mlima palibaki Kudra peke yake.

*

Kwa Bi Maryam ni chini kabisa ya mlima, banda la miti nyuma ya mikorosho, anapouza uji na mihogo ya kuchemsha. Rundo la matawi ni lake. Kila jioni hulizoa lote likawa kuni za kesho. Alipofika huko saa nane mchana, Sajini alikuta rundo lina tawi moja tu, majani yake yamesinyaa pembeni lakini kati bado mabichi.

"Jana jioni ulizoa yote, bibi?"

"Yote. Mwenyewe waniona sina hata pumzi, lakini kuni sizilazi nje, zinaibwa."

"Na leo asubuhi hukugusa?"

"Niguse lini, na kilio hiki?"

"Ulisikia kengele?"

Bi Maryam aliacha kukoroga. "Nilisikia. Redio ilikuwa imemaliza taarifa ya habari, wameingia matangazo ya vifo. Tatu, kama kawaida. Kengele yenyewe ina mafua. Nikasema huyo ni Muhidini, maana ndiye hutangulia kila siku, nikamtilia uji. Nikatoka na bakuli, hapana mtu. Nikasema, ah, leo ana haraka." "Uji ule nimeumwaga sasa hivi, baba. Nilishindwa kuunywa."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa kumi na mbili imepita, jua linachomoza. Saa moja haijafika."

"Na mtu mwingine hukumwona?"

"Njia inapoishia siioni kutoka hapa, mikorosho hii inanikinga. Nasikia tu."

Sajini aliomba bakuli la uji, akalipa, akanywa taratibu. Walimzika Muhidini siku hiyohiyo baada ya alasiri. Sajini aliingia safu ya nyuma, akasali pamoja nao, kisha akampeleka Kudra kituoni.

*

Chumba cha mahabusu kilikuwa na dirisha dogo lililotazama mashamba ya mpunga. Sajini aliingia na vigoda viwili.

"Nieleze ya leo asubuhi. Polepole."

"Nimeshasema, Afande. Nilifika kileleni, nikamwona shemeji anaingia kona ya kwanza. Nikakata tawi, nikafunga, nikasubiri kengele. Nikasikia tatu, nikashuka. Nikamkuta pale."

"Wenzangu wanasema unadanganya. Maiti haipigi kengele."

"Nilisikia."

"Ulisubiri muda gani?"

Kudra alifikiri. "Nilivuta sigara nzima. Siku nyingine haifiki nusu."

"Ulipokuwa unasubiri, hukusikia kishindo?"

"Nilikuwa nakata tawi kwa panga. Kisha mawe huporomoka kila siku kule."

"Na kengele ilikuwa ya nani?"

Jibu la hilo lilikuja haraka mno. "Kengele ni kengele, Afande."

Sajini alimtazama kwa muda mrefu. Mtu anayesema kweli husitasita na kukumbuka, na Kudra alikuwa amesitasita vizuri mpaka hapo.

"Ijumaa unapelekwa wilayani, Kudra. Huko utasomewa shitaka la kuua. Unajua adhabu yake."

"Najua."

"Basi?"

Kudra aligeuza uso dirishani. "Mwambie dada asinililie," alisema.

*

Jumatano asubuhi Sajini alikwenda kwa Johari. Nyumba yake ilikuwa hatua ishirini tu kutoka mwisho wa mteremko. Asubuhi ya jana alikuwa kisimani, bondeni, hakusikia lolote. Sasa alikuwa ameingia eda, kwa hiyo Sajini alikaa barazani, naye akazungumza kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe subira."

"Subira ninayo. Kitu nisichokuwa nacho ni watu." Sauti yake ilikuwa kavu, imeshamaliza machozi. "Jana nimemzika mume. Ijumaa mnamchukua kaka yangu. Nina mimba ya miezi saba. Mtoto huyu atazaliwa baba hana, mjomba hana. Nikuulize, Afande, weye waamini Kudra kaua?"

"Naamini alisikia kengele."

Pazia lilitikisika.

"Walikuwa wanagombania nini?" Sajini aliuliza.

"Lori. Kuna wakala wa ufuta, Tamimu, katoka Dar. Alitaka kuleta lori mpaka vilimani. Mbugani halipiti, tope halikauki mpaka mwezi wa tisa. Mlimani halishuki. Lakini Muhidini alikuwa na njia yake ya tatu, ya mgongo wa kilima, ardhi ngumu tupu. Leo hii ndiyo angempeleka Tamimu akaione."

"Na wapakizi hawataki lori."

"Nani atake? Lori moja labeba mzigo wao wa mwezi mzima. Kudra alipiga kelele kwa sababu ana mdomo. Wengine walinyamaza."

"Kwa nini basi mumeo alitaka?"

"Mwaka juzi nilipata uchungu huko juu, kwa mama mkwe. Walinishusha Namakono kwenye keria ya baiskeli, nimefungwa kanga. Mtoto alifia kwenye kona ya pili. Toka siku hiyo Muhidini akawa anatafuta njia ya gari. Akiona kilima anakipima kwa macho. Hakuwa na shida na ufuta, Afande. Alisema lori la ufuta likipita, gari la mgonjwa nalo litapita."

Sajini Mahamudu alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Hilo hakuliandika. Aliliweka daftari magotini, akakaa na kofia mkononi.

*

Tamimu alipatikana Ikwiriri, kwenye nyumba ya wageni, anapakia pikipiki. Alikuwa na sababu zake za kutokwa jasho. Wiki iliyopita Muhidini alimwambia wazi kwamba njia hiyo ataionyesha kwa wanunuzi wote, si kwake peke yake, na watu waliwasikia wakitupiana maneno.

"Nilikasirika, sawa," Tamimu alisema. "Lakini nimuue kabla hajanionyesha njia? Bro... samahani, Afande. Mimi nimepata hasara kuliko wote."

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Pantoni. Safari ya kwanza. Waulize."

Aliulizwa mkata tiketi wa pantoni. Alimkumbuka vizuri, kwa kuwa pikipiki iligoma kuwaka na watu wakaisukuma. Pantoni iligusa ng'ambo saa kumi na mbili na nusu. Kutoka hapo hadi Namakono ni kilomita ishirini na mbili za mchanga. Kengele ya Bi Maryam ililia kabla ya saa moja.

Sajini alirudi akikanyaga pedali taratibu, kushoto mpunga, kulia mikorosho. Alikuwa anafikiri juu ya matawi. Walioshuka Jumanne walikuwa wawili, Muhidini na Kudra. Tawi la Muhidini lilibaki kwenye keria yake, na la Kudra kwenye yake. Baada ya hapo mgambo walifunga njia. Basi lile la tatu, lililolala chini kwenye rundo, lilishuka na nani? Na huyo wa tatu, baada ya kuua mtu na kuficha gogo, kwa nini apige kengele?

Alifunga breki katikati ya barabara. Mtu asiyejua mlima asingepiga. Mwuaji mwenye akili zake angepita kimyakimya. Aliyepiga ni yule ambaye kidole chake kimepiga kengele mahali hapo maelfu ya mara, mpaka hakingoji tena ruhusa ya mwenyewe.

Hakwenda nyumbani. Alipinda akaingia njia ya mbugani, akaisukuma baiskeli mpaka kwenye kivuko cha bwawa. Tope jeusi lilimfika kwenye fundo la mguu. Alipotoka upande wa pili, magurudumu yalikuwa yamevimba kwa udongo, na ilimchukua nusu saa kuukwangua kwa kijiti. Bado mwingine ulibaki ndani ya madigadi.

*

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Sajini aliwakusanya watu Namakono. Konstebo Sadala alikuwa kileleni na Kudra, aliyefunguliwa pingu lakini ameshikwa. Bi Maryam alikuwa bandani kwake. Mlango wa Johari ulikuwa wazi, pazia limeshushwa.

"Nataka kupima dakika," Sajini alimwambia Bwana Shaabani, akimvuta kando kileleni. "Kudra anadai alisubiri sana. Weye ndiye bingwa wa mlima huu. Goti litakuruhusu mara moja?"

"Litaruhusu, Afande. Kama ni kumsaidia kijana."

"Ndiyo kumsaidia. Chukua mzigo wako kamili, funga tawi, ushuke kama unavyoshuka siku zote. Nakuomba jambo moja tu: ukifika chini usipige kengele. Nataka mlima uwe kimya, Konstebo anahesabu."

"Sitapiga."

"Nipe muda nitangulie chini."

Sajini alishuka kwa miguu, akasimama karibu na rundo, saa mkononi. Baadaye likasikika tawi likikwaruza mawe. Bwana Shaabani alitokea kwenye kona ya pili, mguu mmoja nje, mwili umeegemea mlima, anaongoza ule mzigo kama anaongoza mtoto kwa mkono. Alikuwa na ufundi wa kupendeza, na Sajini alijikuta anamsikitikia. Bwana Shaabani alifika penye tambarare. Alishuka, akafungua mpira, akatupa tawi kwenye rundo. Kisha, bila kuangalia, kidole gumba chake kikaenda kwenye kengele.

Ililia mara tatu, sauti ya bati lenye ufa.

Upawa ulianguka bandani. "Ndiyo hiyo!" Bi Maryam alitoka mbio. "Hiyohiyo yenye mafua! Ndiyo ya Jumanne!"

Bwana Shaabani alikuwa anakitazama kidole chake kama cha mtu mwingine.

"Nilikuomba usipige," Sajini alisema kwa upole.

"Nimesahau. Ni mazoea, Afande."

"Najua ni mazoea. Hata Jumanne yalikuwa mazoea. Ulisema ulipita mbugani, lakini baiskeli yako ilikuwa na vumbi jekundu la mlimani mpaka ndani ya madigadi, bila chembe ya tope jeusi. Miye nimepita mbugani jana, tope lile halitoki. Ulisema mlima huuwezi, nawe umeshuka sasa hivi kama unatembea sebuleni. Na kwenye rundo la Bi Maryam kulikuwa na tawi bichi, wakati walioshuka wawili matawi yao yalibaki juu. Ulitangulia gizani, hakuna aliyejua kama uko mlimani. Ukalaza gogo. Ukaliondoa, ndiyo maana Kudra akamaliza sigara nzima. Ukashuka, ukapiga kengele. Kisha ukajificha njia ya mbugani, kabla ya tope, mpaka saa moja na nusu."

"Kengele zenye ufa ziko nyingi."

"Mjomba." Ilikuwa sauti ya Johari, nyuma ya pazia.

Bwana Shaabani alishtuka.

"Mjomba, Kudra aliitambua. Aliitambua siku ileile. Anakwenda kunyongwa kwa ajili yako na hajafungua mdomo, kwa kuwa wewe ndiye uliyetulisha. Miye nilikuwa kisimani, sikusikia. Leo nimesikia. Kengele hiyo nimeipokea utotoni kila jioni, nikikimbia kukupokea mzigo. Niambie uongo sasa, nami nitauamini."

Bwana Shaabani aliilaza baiskeli chini. Katika miaka yote hakuna aliyewahi kumwona akiilaza na mzigo. Alikaa kando yake, miguu mbele.

"Nilitaka asimame," alisema. "Tuzungumze wawili tu. Kambini hanisikilizi. Watu thelathini na mmoja, Johari. Njia hii niliifungua kwa mikono hii, wakati hapana tairi, hapana sabuni, hapana chumvi. Chumvi yenu ilipita hapa. Lori likija, watasema Shaabani ni nani? Mzee mmoja ana baiskeli."

"Kwenye kona, mtu ana kilo mia na ishirini," Sajini alisema. "Ulijua hawezi kusimama."

"Nilijua," alisema. "Nilijua na sikutaka kujua. Alipoanguka nilimwita. Hakuitika."

"Na Kudra? Umemwacha siku mbili ndani."

"Ningesema Ijumaa, kabla hawajamchukua."

Huenda ni kweli. Huenda Ijumaa ingefika naye angesema Jumamosi.

"Mjomba," Johari alisema tena. "Ile njia ya mgongo wa kilima, mimi naijua. Alinipitisha kwa miguu mwezi wa nne, akakata alama kwenye miti. Lori litapita. Umemwua bure."

Hapo ndipo Bwana Shaabani alipoficha uso magotini. Sajini alimwacha alie. Baadaye alimwinua kwa mkono, akamfunga pingu mbele badala ya nyuma, wakakaa kivulini kumngoja Kudra ashuke.

Kudra hakushuka. Kengele ilikuwa imelia, Konstebo, kwa agizo la Sajini, alikuwa amemwambia yuko huru kwenda, baiskeli yake ilikuwa pale imefungwa tawi, lakini alikuwa amekaa chini kileleni, mikono masikioni. Jumanne aliisikia kengele hiyo, akaiamini, akashuka juu ya maiti. Watu walimwita kutoka chini. Kilima kilikula sauti zao.

Sajini alifungua mfuko wa vielelezo. Alitoa kengele ya Muhidini, ile nzima aliyoifungua kwenye usukani siku ya kwanza, akaenda nayo mpaka barazani na kuipitisha chini ya pazia.

Mkono wa Johari uliipokea. Ulikaa nayo kitambo. Kisha ulitoka nje ya pazia, mpaka kwenye kiwiko, ukaielekeza mlimani na kuipiga mara tatu, sauti safi, nyembamba, ikapanda kona kwa kona.

Watu walisubiri. Bi Maryam aliinua macho, bakuli la uji mkononi. Baada ya muda likasikika, mbali huko juu, tawi likianza kuburuzwa kwenye mawe.